Mwandiko wa Majambazi

Yancey Bend, Mississippi
2 Mei 1978

Shangazi Ouida mpendwa,

Kaa kwanza, halafu usome. Mimi mwenyewe nimekalia kreti la soda nyuma ya kiwanda cha baba, maana ndani kumejaa nyaya na watu ambao hata majina yao sijayashika. Nimepata sinema yangu. Sinema kweli, siyo yale matangazo ya magodoro niliyokuwa natengeneza Jackson. Kamera ni ya kuazima, taa mbili kati ya tano zinawaka, na waigizaji wangu karibu wote wana kazi nyingine. Lakini mwongozaji ni mimi.

Hadithi ni ile yetu, ile uliyokuwa unaikimbia kwenda jikoni kuosha vyombo kila Krismasi baba alipoianza. Mwaka 1953 mafia wa New Orleans wanazitamani soda za mji wetu. Wanamwandikia barua Mzee Gaspare Lo Verde, yule Mwitaliano wa soda ya tangawizi, auze au atakiona. Mzee hauzi, na Jumapili moja watu wakiwa kanisani kiwanda chake kinateketea. Wiki ya pili yake majambazi wawili wenye suti wanamjia baba. Baba anawakaribisha kwa soda yake ya pichi aliyoitia mafuta ya nyonyo, na jamaa wanakimbilia vichakani wameshika suruali, wasionekane tena. Mji huu umeicheka hadithi hiyo tangu nina miaka sita. Sasa Marekani yote itaicheka.

Barua ya majambazi bado iko ofisini kwa baba, ndani ya fremu ya kioo, kama sherifu alivyomzawadia uchunguzi ulipokwisha. “Lo Verde. Uza kiwanda uondoke kabla ya Pasaka. Vito ametueleza yote kuhusu wewe. Ni sisi, marafiki wa New Orleans.” Huyo Vito hakuna aliyewahi kujua ni nani, kwa hiyo nimemfanya mkuu wa genge. Anaigizwa na mpiga mieleka mstaafu ambaye machozi humtoka akiona paka aliyekonda.

Na anayeigiza mke wa Vito unajua ni nani? Connie, binti wa Mzee Gaspare! Ndiye anayetupikia, mgahawa wake uko ng'ambo ya barabara. Nilimwomba kwa woga. Akafuta mikono kwenye aproni, akaniuliza kama huyo Vito atakuwemo kwenye picha. Nikamwambia yumo. Akasema basi atacheza.

Njoo, Shangazi. Ulikuwa mwalimu wa mji mzima kabla kifua hakijakupeleka Mobile kutafuta hewa ya bahari. Nina nafasi ya mwalimu na gauni lake liko tayari.

Mwanao,
Nelwyn

*

Mobile, Alabama
9 Mei 1978

Nelwyn,

Barua yako nimeisoma nimekaa kama ulivyoagiza, na sijasimama vizuri tangu hapo.

Siji. Na hiyo sinema, mwanangu, iache. Baba yako ni msimuliaji hodari, lakini msimuliaji hodari na shahidi ni watu wawili. Ukitaka kuchekesha watu, chekesha kwa habari ya yule shemasi aliyetoroka na mke wa mpiga kinanda. Hiyo ni ya kweli, na wote wawili wako hai na hawana aibu.

Concetta, huyo Connie wenu, nilimfundisha akiwa na miaka tisa. Mpe sehemu nyingine. Mpe hata sehemu ya mti. Na hilo jina la Vito liondoe, uweke lolote lile. Sijawahi kukuomba kitu tangu umezaliwa. Nakuomba hicho.

Hapa joto limeanza, na goti langu linajua kabla yangu.

Shangazi yako,
Ouida

*

Yancey Bend
23 Mei 1978

Shangazi,

Nieleze jambo moja, na unieleze upesi.

Kuna fundi wetu anaitwa Dewey Stamps. Kazi yake ya siku zote ni kuchora vibao vya maduka, kwa hiyo herufi anazijua kama mchungaji anavyojua kondoo zake. Nilimpa kazi ya kunakili ile barua ya majambazi, maana baba hataki ya asili itolewe kwenye fremu kwa muda mrefu. Akakaa nayo kwenye meza ya mgahawa, kati ya makaratasi yangu. Barua yako ilikuwa hapo hapo.

Baada ya muda akaniita. Akasema, “Bosi, jambazi wako bado yu hai. Kakuandikia wiki mbili zilizopita.”

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaziweka sambamba, akanionyesha kwa ncha ya brashi. Ile V ya Vito ina kijimkia kinachorudi nyuma kama ndoana. Kwenye barua yako, pale unaponiomba niliondoe jina la Vito, V ni hiyo hiyo. Na ile “kabla”, na ile “wa”. Dewey alifunika maneno mengine yote akaniuliza hili ni la barua ipi, nikashindwa.

Nimemwambia akae kimya. Nimesema ni bahati tu, walimu wote wa zamani waliandika hivyo. Hata yeye alinionea huruma.

Shangazi, kwa nini mwandiko wa majambazi ni wako?

Nelwyn

*

Yancey Bend
5 Juni 1978

Shangazi,

Nimepiga simu mara tisa. Mara ya tisa ulipokea, nikakusikia ukivuta pumzi, ukakata.

Leo tulipiga picha ya vichakani. Watu walivunjika mbavu kwa kicheko na mimi nilisimama nyuma ya kamera nimeganda. Connie ameniuliza mbona sili.

N.

*

Mobile
9 Juni 1978

Nelwyn,

Ni wangu.

Hayo maneno mawili niliyaandika asubuhi, na sasa ni alasiri.

Ilikuwa Februari 1953, jikoni kwa mama. Soda ya Gaspare ilikuwa imeishinda yetu, mpaka watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wanaificha chini ya viti vyetu vya kanisa. Baba yako Hoyt akasema tumtishe kidogo auze, halafu siku moja tutacheka naye. Mwandiko wake ni wa kuku, kwa hiyo kalamu nikashika mimi. Akanitajia la kuandika: auze, aondoke. Niliposoma nikaona barua ni kavu. Mtu mzima asingeiamini. Basi mimi ndiye niliyeongeza habari ya Vito. Hoyt hakulijua jina hilo wala hakuniuliza. Na nisikufiche, niliifurahia ile sentensi kama ninavyofurahia insha nzuri.

Habari ya moto sikuijua. Jumapili ile Hoyt aliingia kanisani tukiwa ubeti wa tatu, nywele zimelowa, akaja kusimama kando yangu kwenye kwaya. Chini ya harufu ya mafuta ya nywele nilisikia mafuta ya taa. Nikaendelea kuimba.

Gaspare na familia yake walikuwa misani mji wa jirani. Waliporudi paa lilikuwa linaanguka, na yeye akaingia kuokoa mashine ya kujazia chupa. Mikono yote miwili ikaungua. Kampuni ya bima ikaisoma barua yangu ikasema mtu mwenye shughuli na mafia halipwi hasara yake. Shule ikamwajiri kufagia. Miaka minane, Nelwyn, kila asubuhi alinifungulia mlango wa darasa kwa viwiko, akasema, “Karibu, Mwalimu.”

Wale wenye suti walikuwa wachuuzi wa viatu kutoka Memphis. Walisimama kuuliza njia. Hoyt alihitaji majambazi, wakawa wao.

Kifua changu hakijawahi kuwa na ugonjwa. Gaspare alipofariki hapakuwa tena na mtu wa kunifungulia mlango, na nikaona nimefurahi. Nilipoiona hiyo furaha nikafunga virago.

Fanya na barua hii unavyoona.

Ouida

*

Yancey Bend
14 Juni 1978

Shangazi,

Nilimkuta baba barazani anamenya maharage. Nilimsomea barua yako yote, tangu juu mpaka jina lako. Nilipomaliza alisema kwamba Ouida siku zote alikuwa na kalamu nzuri.

Nilimuuliza kama ni kweli. Akaniambia niangalie nimesoma kwa fedha gani, nimevaa kwa fedha gani, na hiyo kamera imeletwa hapa kwa fedha gani. Nikamuuliza habari ya mikono ya Mzee Gaspare. Akasema kiwanda kilikuwa kitupu, nani alimtuma mtu aingie? Aliyasema haya kwa upole, kama alivyokuwa akinifundisha kuendesha gari. Kisha akasema hivi, na sitasahau: “Watu walitaka hadithi, nikawapa. Muulize yeyote. Kwaya yote iliniona nikiingia.”

Nilikwenda kuuliza. Kinyozi aliendelea kunoa wembe. Mchungaji mstaafu aliniambia msamaha ni jambo la faragha, akanifungulia mlango nitoke. Mama Purvis wa posta, aliyenibeba mgongoni, alishangaa kuliko mimi. Akasema, “Binti, sisi tulidhani unajua. Tulidhani ndiyo maana ya sinema.”

Walijua, Shangazi. Mji mzima ulicheka miaka ishirini na mitano huku unajua. Waliokuwa hawajui ni wawili: mimi na Connie.

Sasa wote tunajua, maana nimempa Connie barua yako. Niliona nikingoja hata siku moja nitakuwa kama ninyi. Aliisoma amesimama karibu na jiko. Kwenye moto hakubadilika uso. Kwenye mafuta ya taa hakubadilika. Alipofika pale unaposema uliongeza Vito, alikaa. Siyo kitini, Shangazi. Sakafuni, na kambare wakaungua kwenye kikaango mpaka nikazima mimi.

Ameomba anwani yako. Picha nimezisimamisha.

Nelwyn

*

Yancey Bend
16 Juni 1978

Mwalimu Ouida,

Sianzi na salamu.

Habari ya Hoyt Tidwell nimeielewa. Watu kama yeye nawahudumia kahawa kila asubuhi. Wewe sikuelewi.

Unajua kwa nini baba yangu aliiamini ile barua? Watu wawili watatu walijaribu kumnong'oneza kwamba atazame karibu, hapa hapa mjini. Aliwajibu kila mara: “Hakuna mtu Yancey Bend anayejua kwamba nina ndugu anaitwa Vito.” Huo ndio ulikuwa ushahidi wake. Jina lile lingetoka wapi kama si kwa Vito mwenyewe?

Baba mdogo Vito ni kinyozi. Yeye na baba walikuja kutoka kwao meli moja, koti moja, wakipokezana zamu ya kulivaa. Baada ya moto baba hakutaja jina lake tena. Barua zilizotoka New Orleans alizirudisha hazijafunguliwa. Mwaka 1955 baba mdogo alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni kwenye mvua, akigonga na kuita. Baba alikaa mezani amefunika masikio kwa ile mikono yake. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Nilimchukia yule mtu aliyelowa kwa moyo wangu wote. Baba alipokufa sikumpa taarifa. Tulimzika baba bila ndugu yake.

Nelwyn alidhani nilikubali kucheza sinema kwa moyo mzuri. Nilikubali ili nisimame mbele ya mtu anayeitwa Vito nimtemee mate, hata akiwa mpiga mieleka. Na nilimtemea. Wakapiga makofi.

Wewe ndiye uliyeninunulia viatu vya kumalizia shule. Mpaka juzi nilikuwa nakuombea kila Jumapili kwa jina.

Nijibu swali moja, sitaki maelezo mengine. Jina ulilipata wapi?

Concetta Lo Verde

*

Mobile
21 Juni 1978

Concetta,

Kwenye insha yako.

Darasa la nne, Januari 1953, “Mtu Ninayempenda”. Uliandika kwamba una baba mdogo anaitwa Vito, kinyozi wa New Orleans, anayeweza kunyoa amefumba macho. Uliandika kwamba ni siri, kwamba baba yako anataka kumleta hapa bila kumwambia mtu, awashtukize watu wote, na kwamba unamwambia Mwalimu peke yake. Nilikupa alama zote. Mwezi mmoja baadaye nikaitumia.

Hapo hakuna cha kupunguza, na mimi sipunguzi.

Sikuombi msamaha kwa barua. Barua zangu unajua zinavyofanya kazi. Nimepiga simu New Orleans. Duka liko mtaa ule ule ulioutaja kwenye insha, na mwenyewe yu hai, ana miaka sabini na saba. Aliyepokea ni yeye, nikashindwa kusema, nikakata kama nilivyomkatia Nelwyn. Kwa hiyo kesho napanda basi. Nitamwambia kwa mdomo wangu nikiwa nimesimama mbele yake, na akitaka kuita polisi nitamshikia simu.

Ouida Tidwell

*

Yancey Bend
3 Julai 1978

Shangazi,

Connie alirudi kazini siku ya tano baada ya kuisoma barua yako. Nilimwambia sinema naiacha. Akasema niimalize, watu wameshaahidiwa kicheko na wengine hawana hatia. Alitaka mambo mawili. Jina la Vito litoke, na ule moto usichekeshe mtu.

Jina lilikuwa rahisi. Mpiga mieleka aliomba aitwe Clarence, jina la mbwa wake marehemu, na tumerudia kila mahali anapotajwa.

Moto tumeuwasha jana, Jumapili, baada ya ibada. Dewey alijenga kibanda cha mbao kiwanjani, na watu wa mji wakaja na nguo zao za kanisani, wacheze watu waliotoka kanisani. Walidhani watawaona majambazi wawili wakigongana na makopo ya mafuta, kama ilivyoandikwa. Niliwaondoa wale wawili. Nikamvika Dewey aproni nyeupe yenye pichi kifuani, aproni ya kiwanda chetu, akaingia peke yake na kopo moja. Akalimwaga, akawasha, akapangusa mikono, akalowesha nywele kwenye pipa la maji, akaelekea upande wa kanisa.

Niliwaambia waanze kupiga kelele wakiuona moto. Hakuna aliyepiga kelele. Watu zaidi ya sitini, na nilisikia mbao zikipasuka. Mama Purvis alikuwa ametazama viatu vyake. Kamera ilikuwa inazunguka, sikuisimamisha.

Baba alikuwa amesimama kando ya lori na suti yake mpya, akisubiri onyesho la mwisho ambalo alikuwa acheze yeye mwenyewe. Hakuutazama moto. Alikuwa anatazama nyuso za watu, moja baada ya nyingine, na nadhani ni mara ya kwanza katika maisha yake hadithi yake kusimuliwa watu wasicheke. Akavaa kofia, akaenda nyumbani kwa miguu.

Sijalala kwake tangu Juni. Nina chumba juu ya mgahawa. Connie hanisemeshi sana, lakini asubuhi huweka vikombe viwili.

Sijui kama bado ni sinema ya kuchekesha. Wewe New Orleans ulifika?

Nelwyn

*

Yancey Bend
16 Oktoba 1978

Mwalimu Ouida,

Hukualikwa kwenye sinema, kwa hiyo nakueleza. Nimeona ni haki.

Baba mdogo Vito alikuja Alhamisi. Aliniambia ulivyofika dukani kwake, ukangoja wateja watatu wanyolewe kwanza, na kwamba ulisema yote bila kukaa. Akasema alikusikiliza akiwa na wembe mkononi, na kwamba uliuona wembe na hukurudi nyuma. Hajakusamehe. Anasema mwaka huu hawezi, na mwaka ujao hajui kama atakuwepo. Mimi pia siwezi. Lakini kitu alichokilia hakikuwa barua yako. Miaka yote hiyo alidhani baba alimwonea aibu kwa sababu ni kinyozi tu. Alilirudia hilo mara nyingi, “kinyozi tu”, mpaka nikamshika mdomo.

Nilimpeleka kaburini, halafu Jumamosi nikampeleka kwenye sinema. Ukumbi wa mji ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Kaka yako alikuja. Nadhani aliona asipokuja ndiyo atakuwa amekiri. Alikaa safu ya tatu na kofia magotini, na viti viwili kulia na kushoto kwake vilikuwa vitupu.

Watu walicheka, Mwalimu. Clarence anachekesha kweli. Mimi mwenyewe nilicheka nilipojiona. Baba mdogo macho yake yana ukungu na masikio ni mabovu, kwa hiyo nilikuwa namweleza kila kitu: huyu anaanguka, huyu kapanda juu ya mti, huyu ni mimi. Akacheka na yeye, akinipiga goti.

Ukaja moto. Ukumbi ukanyamaza kama siku ile kiwanjani. Baba mdogo aliona mwanga tu na kitu cheupe kinapita. Akaniuliza ni nani huyo anayewasha.

Nikamwambia sikioni, “Hoyt Tidwell.”

Hakusikia. Akasema, “Nani?”

Nikarudia kwa sauti ya kuitia chakula mezani. Watu wa mbele wakageuka. Yeye akaweka kiganja sikioni, akaniinamia, akatikisa kichwa kwamba bado. Basi nikasimama, nikalisema kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa katika mji huu tangu nizaliwe, jina lake na la ukoo wake, na mwenyewe akiwa amenipa mgongo safu tatu mbele.

Hakuna aliyeniambia nikae. Baba mdogo aliitikia kwa kichwa kwamba amesikia, akanivuta mkono, nikakaa. Tukaitazama sinema mpaka mwisho.

Concetta